Jinsi ya kupunguza maombi ya hujuma kwenye seva ya simu za intaneti

Kampuni ya uchukuzi yenye ofisi Mombasa, Malaba na Kampala inaweza kuziunganisha kwa seva moja ya simu za intaneti, kama vile Asterisk, ili watumishi wazungumze bila kulipia simu za kimataifa. Lakini seva iliyo wazi kwenye intaneti hutafutwa na wahalifu. Programu zao hutuma maombi ya REGISTER mfululizo, zikibahatisha namba za ndani na nywila. Wakifaulu, hupiga simu za ng'ambo za bei kubwa, na bili huja kwako. Hata wasipofaulu, seva huelemewa, na dereva aliyekwama mpakani haipati ofisi.

Ukuta wa moto hufanyaje kazi?

Simu hizi hutumia itifaki ya SIP, kwa kawaida kupitia mlango 5060 wa UDP. Ujumbe wa SIP ni maandishi ya kawaida, hivyo iptables ya Linux huweza kuangalia ndani ya pakiti na kutafuta maneno fulani.

Kanuni ya kwanza hutupa pakiti zenye jina friendly-scanner, ambalo programu ya SIPVicious hujitambulisha nalo:

iptables -A INPUT -p udp --dport 5060 -m string --algo bm --string "friendly-scanner" -j DROP

Mhalifu anaweza kubadili jina hilo. Kwa hiyo kanuni ya pili huhesabu maombi kutoka kila anwani ya IP:

iptables -A INPUT -p udp --dport 5060 -m string --algo bm --to 65 --string "REGISTER sip:" -m hashlimit --hashlimit-name sipreg --hashlimit-mode srcip --hashlimit-above 10/minute --hashlimit-burst 20 -j DROP

Mambo ya kuangalia

1. Mpangilio. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini. Ziweke hizi mbili juu ya ile inayoruhusu mawasiliano ya ESTABLISHED. Seva ikishajibu pakiti ya UDP, zinazofuata kutoka chanzo kilekile huhesabiwa kuwa mawasiliano yaliyokwisha kuanza, nazo zitapita bila kuhesabiwa.

2. Matawi yako. Simu hutuma REGISTER mara mbili inapojiandikisha: ya kwanza hurudishwa ili ilete uthibitisho wa nywila. Tawi lenye simu 8 nyuma ya anwani moja litatuma maombi 16 kwa mkupuo umeme unaporudi. Ndiyo maana tumeweka 20. Tawi kubwa zaidi liongezewe. Lenye anwani isiyobadilika liruhusiwe kwa kanuni yake, juu ya zote.

3. Mipaka yake. Mawasiliano yaliyofichwa kwa TLS hayasomeki kwa njia hii. Pia, pakiti zinazotupwa zimekwisha kupita kwenye laini yako. Wimbi likiwa kubwa, mtoa huduma wako wa intaneti ndiye wa kulizuia.

Mwisho, usitegemee ukuta wa moto peke yake. Tumia nywila ndefu, tofauti kwa kila simu. Ruhusu tu namba za nchi unazofanya nazo biashara, kama 254, 255, 256, 250, 257 na 243, na umwombe mtoa huduma wa simu akuwekee kikomo cha matumizi kwa siku.