Mfupa wa Taya na Sura ya Mtu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya taya, na jinsi sura ya mtu inavyogeuka taya lake likikatwa na kuwekwa mahali pengine. Huenda mmoja wenu akasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, nasi watu wa Fumba tuna kazi zetu za nyavu na za shamba. Walakini hata kwetu mama wazee humkanda mtoto mchanga kichwa na kumbana pua kwa vidole, wakitaka awe na umbo zuri. Basi tamaa ya kuutengeneza uso si ngeni. Lililokuwa geni ni kuufikia mfupa.

Mataya ni mawili. La juu limeshikamana na fuvu, na la chini huning'inia kwa viungo viwili vilivyo mbele ya masikio. Midomo, mashavu na ncha ya pua hufuata mifupa hiyo kama tanga linavyofuata foromali yake. Kwa watu wengine taya la chini hukua kupita la juu, hata meno ya chini yakatangulia mbele. Kwa wengine la chini hubaki nyuma, kidevu kikawa kama hakipo. Wako pia ambao meno yao ya mbele hayakutani kabisa, nao hawawezi kung'ata embe. Mtu wa namna hiyo hupewa jina la utani tangu chuoni, akazeeka nalo. Mimi mwalimu nimekwisha ona watoto wanaosoma kwa mkono juu ya mdomo, na sijapata kuona somo linaloingia vema katika kichwa cha mtoto anayejificha.

Katika vitabu vya tiba, mtu wa kwanza anayetajwa kuwa alikata taya la chini ili kulirudisha mahali pake ni Simon Hullihen, tabibu wa mji wa Wheeling huko Marekani. Mwaka 1849 alichapisha habari za mwanamke wa miaka 20 aliyeungua moto utotoni. Kovu la shingoni lilikuwa likivuta daima, na kadiri alivyokua taya la chini lilirefuka na kupinda, hata midomo isifumbike. Hullihen alikata kipande cha mfupa kwa msumeno mwembamba, akairudisha nyuma sehemu ya mbele pamoja na meno yake. Kisha akalifungua kovu na kulijaza kwa ngozi iliyotolewa begani, na mwisho akautengeneza mdomo. Kumbukeni kwamba dawa ya etha ya kumlaza mgonjwa ilikuwa imeonyeshwa mbele ya watu mjini Boston mwaka 1846 tu, na mafundisho ya Lister ya kuzuia jeraha lisioze hayakutangazwa mpaka 1867. Kukubali kukatwa mfupa wa uso katika zama hizo kulitaka moyo mgumu, kwa mgonjwa na kwa mganga pia.

Mwaka 1901 Mfaransa René Le Fort alipiga vichwa vya maiti kwa nguvu, akachunguza mahali mifupa ya uso inapovunjika, akakuta kwamba huvunjika kwa njia zile zile. Ni kazi isiyopendeza kusimuliwa, lakini waliokuja baadaye walijifunza kwayo kulitenga taya la juu na fuvu kwa njia ile ya chini kabisa, juu kidogo ya mizizi ya meno.

Hata hivyo waliofundisha dunia kazi hii hasa ni majeruhi wa vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo vilifika hata bandarini kwetu Unguja, maana tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha ile ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji, na mabaharia waliokufa wakazikwa katika kisiwa cha Chapwani. Huko Ufaransa askari walikaa katika mahandaki, kichwa tu kikitokeza, na risasi na vyuma vikawapata usoni. Wengi waliondokewa na taya zima wakabaki hai. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alifunguliwa hospitali huko Sidcup, karibu na London, mwaka 1917. Walipita humo watu zaidi ya 5,000, nao wakapasuliwa zaidi ya mara 11,000; yaani mtu mmoja aliweza kurudi mezani mara nyingi. Gillies alifanya kazi bega kwa bega na matabibu wa meno, kwa kuwa aliona kwamba ngozi iliyoshonwa pasipo mfupa chini yake husinyaa na kuanguka. Vioo vilikatazwa wodini. Njiani kuelekea mjini benchi kadhaa zilipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayeketi hapo huenda uso wake ukawashtua. Nadhani rangi ile iliwasaidia zaidi waliopita njia kuliko waliokaa.

Huku kwetu wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, na Sidcup yao haikuwapo.

Tokea hapo turuke mpaka miaka ya 1950. Hugo Obwegeser, aliyezaliwa Austria mwaka 1920 na kufanya kazi Zürich, alikwenda kujifunza kwa Gillies mwenyewe. Shida iliyowasumbua wote ilikuwa kuunga. Mafundi wa mashua wa pwani yetu wanajua kwamba mbao mbili zikigusana ncha kwa ncha hazishiki, sharti zilaliane. Mfupa ni vivyo hivyo. Tena ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo hisia. Basi Obwegeser aliupasua mfupa ulio nyuma ya magego katika unene wake, kama ubao unaopasuliwa ukawa mbao mbili nyembamba. Kipande cha nje hubaki na kiungo cha mbele ya sikio, cha ndani huenda na meno. Vikisogezwa mbele au nyuma bado hulaliana, navyo hushikana upesi. Tena kazi yote alifanya kwa ndani ya kinywa, pasipo kovu shavuni. Njia hiyo aliitangaza yeye na mwalimu wake Richard Trauner mwaka 1957, na kufikia mwaka 1970 alikuwa amekwisha kuyasogeza mataya yote mawili kwa siku moja. Alifariki mwaka 2017.

Zamani baada ya kazi hiyo meno yalifungwa kwa waya muda wa wiki sita hivi, mgonjwa akanywa uji kwa mrija. Tangu miaka ya 1970 vilianza kutumiwa vibao vidogo vya chuma vyenye parafujo, na mgonjwa aweza kufumbua kinywa mapema.

Sasa, sura hugeuka vipi? Taya la juu likisogezwa mbele, mashimo yaliyo kando ya pua hujaa, mdomo wa juu hupata egemeo, ncha ya pua huinuka kidogo na matundu yake hutanuka. Likipandishwa juu, uso hufupika na ufizi hauonekani sana mtu anapocheka. Taya la chini likirudishwa, kidevu hurudi nalo. Likirudishwa mno, nyama hujikunja chini yake na njia ya pumzi huwa nyembamba, ndiyo sababu mara nyingi waganga huona afadhali kuyasogeza yote mawili kidogo kidogo. Ngozi ya kidevu hufuata mfupa karibu sawasawa, mdomo wa juu hufuata kwa kusitasita. Milimita tano zatosha jirani akuangalie mara mbili. Walakini wiki za kwanza uso huvimba, na sura ya kudumu haijulikani mpaka upite nusu mwaka au mwaka mzima. Watu wengine mdomo wa chini huwafa ganzi miezi kadhaa, na wachache ganzi hiyo haiwatoki. Mtu aelezwe hayo kabla ya kutia sahihi yake.

Elimu ya Gillies ilifika Afrika Mashariki kwa njia ya ukoo. Ndugu yake Archibald McIndoe, aliyetengeneza nyuso za marubani walioungua katika vita vya pili, alikuwa na shamba miteremkoni mwa Kilimanjaro. Mwaka 1957 yeye, na Michael Wood wa Kenya aliyejifunza kwake, na Mmarekani Thomas Rees, waliasisi chama cha madaktari warukao kwa ndege, ambacho leo huitwa Amref.

Mwaka ule ule wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Uganda, Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Yeye alikuwa mpasuaji, lakini akatambua kwamba kisu hakitoshi kwa maradhi yale. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unapoonekana. Na dawa zilipojaribiwa, uvimbe wa watoto wengi ulinywea na nyuso zao zikarudi pasipo kukatwa.

Kwa watu wazima iko ameloblastoma, miongoni mwa uvimbe wa taya unaoonekana sana katika hospitali za Afrika Mashariki. Huota polepole, wala hauumi, na kwa kuwa hauumi watu hukaa nao miaka, wakijifunika kwa leso au kilemba, mpaka uso unapinda upande. Hapo lazima sehemu ya taya itolewe yote. Muhimbili, Dar es Salaam, ambako madaktari wa meno wanafundishwa tangu mwaka 1979, kazi hiyo yajulikana sana. Mahali palipotolewa mfupa huwekwa kibao cha chuma, au mfupa wa nyonga, au ule mwembamba wa mguuni ulio kando ya muundi. Mfupa huo wa mguu huja na mishipa yake ya damu, ambayo huungwa na mishipa ya shingo chini ya darubini. Mgonjwa hutembea kwa mfupa uliobaki, na ule mwingine, ukiisha kushika, huweza kupandwa meno na kutafuna.