Pistole ndani ya nyumba: ni silaha gani, sheria inasema nini, na inaumiza nani

Katika milima ya Rurambo, juu ya bonde la Ruzizi, silaha ambayo wakaaji wanaijua zaidi ni kalash. Iko begani, kila mtu anaona nani anaibeba. Pistole ni jambo lingine. Inaingia mfukoni, chini ya mto wa kitanda, hata ndani ya mfuko wa maharagi. Ndiyo maana mwenye ng'ombe, mwenye duka, ao mtu anayeshuka Uvira na pesa za soko, anaweza kujiambia: «Nikiwa na moja tu, nitalala usingizi.» Kabla ya kufika hapo, ni vizuri kujua pistole ni kitu gani, sheria ya Kongo inasema nini juu yake, na mara nyingi inaumiza nani.

«Pistole ya plastiki» ni nini?

Watu wengi wanaita pistole yoyote nyeusi ya kisasa «Glock», hata kama kiwanda ni kingine. Jina hilo ni la Gaston Glock, mtu wa Austria, ambaye pistole yake ilichaguliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Hakuwa wa kwanza: kiwanda cha Ujerumani, Heckler & Koch, kilikuwa kimetoa pistole yenye mwili wa plastiki mwaka 1970. Lakini ya Glock ndiyo iliyoenea kwa polisi na majeshi ya nchi nyingi, na viwanda vingine vikafuata.

Sehemu ya mkononi imetengenezwa kwa polima, yaani plastiki ngumu sana. Ni nyepesi na haipati kutu. Glock 17, ambayo shajeri yake ya kawaida inabeba masasi 17 ya milimita 9, haifiki kilo moja hata ikijaa. Lakini mutuba wa kupitisha risasi na kifuniko cha juu ni vya chuma. Kwa hiyo yale maneno kwamba pistole ya plastiki haionekani kwenye mashine za uwanja wa ndege ni uongo.

Inaitwa nusu-otomatiki kwa sababu kila ukivuta kidole, risasi moja inatoka. Nguvu ya mlipuko inasukuma kifuniko cha juu nyuma, ganda tupu linaruka, kisha risasi nyingine inapanda yenyewe. Yaani baada ya risasi ya kwanza, ya pili iko tayari, hata kama mwenye kuishika hakutaka.

«Nimetoa shajeri, haina kitu»

Hayo ni maneno ambayo yamesemwa kabla ya ajali nyingi duniani. Ukitoa shajeri, risasi moja inaweza kubaki juu, ndani ya chumba cha kupigia. Pistole nyingi za namna hii zinapiga hiyo risasi iliyobaki hata bila shajeri. Mtu anaonyesha rafiki yake, anavuta kidole kwa mchezo, na mwenzake anaanguka.

Jambo la pili: Glock ya kawaida haina kifungo cha usalama cha pembeni kama kile cha kalash. Iko na vizuizi vitatu, kimoja juu ya kifyatulio chenyewe na viwili ndani. Vizuizi hivyo vinazuia pistole kupiga ikianguka chini. Havizuii kidole. Mtoto wa miaka mitano akivuta kwa nguvu inayotosha, inapiga kama vile imevutwa na askari.

Kwa familia zinazoishi na askari, polisi ao mlinzi, kuna kanuni nne ambazo wafunzi wa silaha wanarudilia kila siku:

- Kila silaha ihesabiwe kwamba iko na risasi, hata kama imetoka kukaguliwa sasa hivi.
- Mdomo wa silaha usielekezwe kwa mtu ao kitu usichotaka kukiharibu.
- Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.
- Ujue unalenga nini, na nyuma yake kuna nini.

Nyumbani kanuni ya tano inaongezeka: silaha ifungwe kwa ufunguo, masasi yafungwe mahali pengine. Chini ya mto si mahali pa kuficha. Watoto wanajua kila kona ya nyumba.

Kupiga si kama kwenye filamu

Pistole iko na mutuba mufupi. Mtu asiyefundishwa, mwenye woga, usiku, anaweza kumkosa mtu aliye hatua chache mbele yake. Risasi iliyokosa haipotei. Risasi ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ukuta wa mbao, wa mabati ao wa miti na udongo hautoshi kuwa kinga. Nyuma ya ukuta huo kuna jirani. Hata risasi iliyopigwa juu kwa furaha ya harusi ao ya mpira inarudi chini, na inaweza kuua mtu aliyekaa kwake.

Kuna nchi ambako raia wanapiga pistole kama mchezo. Kule Kenya, wenye ruhusa wanashindana kulenga shabaha. Lakini ruhusa yao inatoka kwa bodi ya serikali, na mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wote wenye silaha wahakikiwe upya. Mchezo huo unasimama juu ya mambo matatu: karatasi, mafunzo na uwanja wenye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Milimani mwa Uvira, raia anayeshika pistole mara nyingi hana hata moja kati ya hayo matatu.

Sheria ya Kongo

Sheria kubwa ya silaha ni Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya wakati wa Zaïre. Inakataza raia kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya maandishi ya serikali. Karatasi ya chifu, ya kamanda wa kundi ao ya rafiki aliye jeshini si ruhusa. Pistole iliyotoka kwa askari ao polisi ni mali ya taifa: anayeinunua ananunua kosa.

Tangu sheria za kijeshi za tarehe 18 Novemba 2002, raia pia anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa makosa yanayohusu silaha za vita. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda kundi la kijeshi la binafsi ao kulisha vijana wenye silaha.

Kongo ilitia pia sahihi Mkataba wa Nairobi wa tarehe 21 Aprili 2004 juu ya silaha ndogo ndogo. Mkataba huo unaomba nchi zipige alama kila silaha ili ijulikane ilitoka wapi, na zikataze kabisa raia kuwa na bunduki za otomatiki na nusu-otomatiki.

Ukiokota pistole

Mapema mwaka 2025, wakati jeshi lilipokuwa likirudi nyuma katika Kivu ya Kusini, silaha nyingi ziliachwa. Kule Bukavu, mwezi wa Februari, watoto walionekana na bunduki na nguo za kijeshi walizookota. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba watoto waliuawa huko, wakiwa na silaha, waliposemekana kukataa kuzitoa. Nani alitaka kupigana na nani alikuwa anacheza, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo, ukiikuta njiani, shambani ao mtoni:

- Usiiguse, usijaribu kutoa masasi, usimtume mtoto.
- Weka alama ya fimbo ao majani mbali kidogo, na uzuie watoto na mifugo.
- Mwambie chifu wa kijiji mbele ya mashahidi wawili ao watatu, kwa mfano mchungaji ao mwalimu, ili kesho usisingiziwe kwamba uliificha.
- Waache wenye kazi hiyo waje kuichukua. Usiibebe wewe mwenyewe kupita barieri.

Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kupita zote. Sheria ya vita, tangu Mikataba ya Geneva ya 1949, inamlinda raia asiyeshiriki mapigano. Kuwa na pistole hakumfanyi mtu kuwa mpiganaji. Lakini anayekupekua barierini hasomi Mikataba. Anaona pistole, na anaamua palepale wewe ni wa upande gani.

Mwenye ng'ombe anayetaka kulala usingizi anastahili usalama, na deni hilo ni la serikali. Lakini pistole ya kificho haimpi. Wezi watano wakija na kalash, pistole moja haiwarudishi. Wakisikia kwamba iko, wanakuja kwa ajili yake. Na usiku ambao hawaji, silaha inabaki ndani ya nyumba, pamoja na watoto.