Usinunue Hadithi, Tazama Chuma

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kipande cha madini kinachoenea kiganjani, ambacho kimewatia hasara watu wengi huko Ulaya na Marekani. Ni beji waliyovaa kifuani wanamaji wa Ujerumani waliotumikia nyambizi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Beji hizo zinauzwa mnadani kwa bei kubwa, na penye bei kubwa hapakosi waghushi. Swali langu ni moja tu: mtu atajuaje ipi ilitoka vitani na ipi ilitoka karakana ya juzi?

Tuanze na asili yake. Beji ya kwanza ya nyambizi ilianzishwa mwezi Februari 1918 na Kaisari Wilhelm wa Pili, nayo ilikuwa na taji la kifalme. Tarehe 13 Oktoba 1939 ikaanzishwa mpya. Taji likaondolewa, na mahali pake akawekwa tai mwenye swastika, alama ya Wanazi. Kwa kawaida baharia aliipata baada ya safari mbili za vita, na wengi hawakuishi muda mrefu wa kuivaa. Kati ya watu wapatao 40,000 waliokwenda vitani katika nyambizi za Ujerumani, takriban robo tatu hawakurudi.

Nao waliua pia, hata katika Bahari yetu ya Hindi. Tarehe 28 Novemba 1942 nyambizi U-177 iliizamisha meli ya Nova Scotia karibu na pwani ya Natal, Afrika Kusini. Meli ile ilikuwa imechukua mamia ya Waitaliano waliotolewa Massawa, Eritrea. Watu zaidi ya 800 walipotea siku ile. Basi beji ya kweli si pambo. Ni ushahidi wa mauti, ya waliovaa na ya waliozamishwa.

Sasa tuihoji. Shahidi wa kwanza ni madini yenyewe. Beji za mwanzo zilitengenezwa kwa shaba ya manjano na kupakwa dhahabu. Vita viliporefuka shaba ikawa adimu, ikahitajika kwa silaha, na viwanda vikahamia kwenye zinki. Dhahabu haishiki vizuri juu ya zinki. Ndiyo maana beji nyingi za kweli za miaka ya mwisho ya vita leo ni za kijivu, zimefifia, hazivutii macho. Anayekuletea ya zinki inayometa kama ya jana ana maelezo ya kutoa. Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Hapa mara nyingi kisichong'aa ndicho cha kweli.

Shahidi wa pili ni namna ilivyotengenezwa. Beji nyingi zilipigwa kwa chapa ya chuma, kwa nguvu kubwa, hivyo kila unyoya wa tai umechorwa sawasawa. Mghushi wa kawaida huchukua beji ya kweli, akaitengenezea kalibu, kisha akamimina madini yaliyoyeyushwa. Lakini madini yakipoa hunywea. Kwa hiyo nakala huwa ndogo kuliko mama yake kwa sehemu ya milimita, manyoya huwa butu, na chini ya kioo cha kukuzia utaona vitundu vya mapovu ya hewa. Mzani na kipimo kizuri cha fundi hufichua mengi.

Shahidi wa tatu ndiye ninayempenda zaidi. Baada ya vita, chapa za zamani hazikuteketezwa zote. Baadhi ziliendelea kutumika. Sheria ya Ujerumani Magharibi ya tarehe 26 Julai 1957 iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao mradi swastika imeondolewa, na viwanda vikatengeneza upya nishani zisizo na alama hiyo. Chapa ya chuma huchoka. Hupata ufa, na ufa hukua kila inapogonga, wala haujifungi. Basi tuseme umeshika nishani isiyo na swastika, ambayo lazima ni ya 1957 au baadaye, na ufa wake ni mdogo. Kisha unaletewa nyingine ya chapa ile ile, yenye swastika, unaambiwa ni ya 1943, lakini ufa wake ni mkubwa. Haiwezekani! Yenye ufa mkubwa ndiyo iliyozaliwa nyuma, hata muuzaji aape mchana kutwa.

Na kiapo chenyewe? Muuzaji atakwambia babu yake aliitoa kwenye kifua cha mateka, au mjane mmoja wa Hamburg aliifungua kutoka kwenye kitambaa. Atakuonyesha na cheti. Cheti nacho kihojiwe. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya vita zina dawa ya kuzifanya nyeupe zaidi, na ukiziweka chini ya taa ile ya benki ya kukagulia noti hung'aa kibuluu. Cheti cha 1942 king'aavyo hivyo kimejishtaki chenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hadithi ndefu ndiyo miguu ya kibaya.

Mimi sishawishi mtu kununua vitu vya Wanazi. Ninalotaka tulichukue ni desturi ya kuuliza. Fedha iliyopotea mnadani hutafutwa tena. Lakini kila beji ya uongo inapoingia katika makumbusho au kitabu, huja na baharia wa uongo, safari ya uongo na ushujaa wa uongo, na wale zaidi ya 800 wa Nova Scotia hufunikwa na mambo ambayo hayakutokea. Siku utakapoletewa kitu cha kale, kiwe sarafu, barua au nishani ya babu, msikilize mwenyeji kwa heshima, kisha geuza kitu chenyewe, utazame mgongo wake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.