Kalulu wa Kitabuni na Kalulu wa Kweli



Mara nyingi wazazi na walimu huulizana: kijana aliyekwisha kujua kusoma vema, ambaye hadithi za utotoni hazimtoshi tena, apewe kitabu gani? Jibu la tangu zamani ni kumpa vitabu vya safari na hatari. Mwaka 1929 vilitolewa kwa Kiswahili vitabu viwili vya namna hiyo, "Kisiwa chenye Hazina" cha Stevenson na "Mashimo ya Mfalme Sulemani" cha Rider Haggard. Ni vitabu vizuri, na kijana avisome. Lakini kiko kitabu kingine cha vijana, kikubwa kwa umri kuliko hivyo viwili, ambacho mbegu yake ilitoka katika njia ya misafara ipitayo nchi ya Mpanda na Katavi. Habari zake zafaa kujulikana, maana zatufundisha namna ya kusoma.

Mwezi wa Septemba mwaka 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliondoka Unyanyembe, karibu na Tabora, kumtafuta Dk. Livingstone. Njia ya desturi ya kwenda Ujiji ilikuwa imezibwa na vita vya Mirambo na Waarabu. Kwa hiyo Stanley alizunguka upande wa kusini, akapita Ukonongo na Ukawendi, nchi za Wakonongo, Wabende na Watongwe. Sehemu kubwa ya nchi hizo leo imo katika Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Zamani zile hapakuwa na machimbo ya risasi wala reli ya kutoka Kaliua. Ilikuwa nchi ya miombo, ya nyati na twiga, na ya mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti.

Katika msafara ule alikuwamo mtoto mmoja mwanamume. Stanley alikuwa amepewa mtoto huyo huko Unyanyembe na mfanya biashara Mwarabu, kama mtu apewavyo zawadi ya mbuzi. Jina lake lilikuwa Ndugu Mali. Stanley hakulipenda, akawataka watu wake wamtafutie jina jingine, wakamwita Kalulu. Stanley aliandika kwamba maana yake ni mtoto wa paa. Walakini kwa Wabemba na Wachewa kalulu ni sungura, yule mjanja wa hadithi zetu, ambaye hujiponya kwa akili mahali ambapo wenye nguvu huangamia.

Basi Livingstone akaonekana Ujiji, na mwaka 1872 Stanley akarudi Ulaya pamoja na Kalulu. Mtoto yule akapigwa picha, akaonyeshwa kwa watu, akatiwa shule huko Wandsworth, London. Mwezi wa Aprili mwaka 1874 alikuwamo kanisani Westminster, siku ya kuzikwa kwa Livingstone. Kabla ya hapo, mwaka 1873, Stanley alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake kiitwacho "My Kalulu", yaani Kalulu Wangu. Mwenyewe alieleza kwamba amekiandikia vijana, na kwamba amekusudia kuonyesha ubaya wa biashara ya watumwa.

Katika kitabu hicho Kalulu si mtoto aliyetolewa zawadi. Ni mwana wa mfalme wa Watuta, wale Wangoni waliopanda kaskazini kutoka Ufipa na kuzitisha nchi za kando ya Ziwa Tanganyika. Selim, kijana Mwarabu wa Unguja, anafuatana na baba yake kwenda bara kutafuta watumwa na pembe. Msafara unavunjwa vitani, na Selim anakuwa mtumwa yeye mwenyewe. Kalulu anamhurumia na kumfanya ndugu. Wanapitia misitu na mito na wanyama wakali, hata mambo yanageuka: Kalulu ndiye anayefungwa na kupelekwa Unguja kuuzwa, na Selim ndiye anayemkomboa. Kisa kinakwisha kwa udugu na uhuru.

Mtu aweza kuona sababu ya kijana kukipenda kitabu hiki. Kina mwendo, kina urafiki, na kinamfanya mwana wa mwenye watumwa aonje mnyororo kwa shingo yake mwenyewe. Hilo la mwisho ni fundisho zuri. Lakini tukiufunga ukurasa wa mwisho hapo, tutakuwa tumepata nusu ya habari tu.

Sikilizeni nusu ya pili. Mwaka 1874 Stanley alianza safari nyingine, akamrudisha Kalulu Afrika pamoja naye. Mwaka 1876, walipokuwa karibu na Ziwa Tanganyika, wapagazi wengi walitoroka, na Kalulu naye akatoroka. Akatafutwa, akakamatwa, akarudishwa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Machi 1877, mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na maji ya mto Kongo, ukaanguka katika maporomoko, naye akafa pamoja na wenziwe. Stanley akayaita maporomoko yale kwa jina la Kalulu.

Pimeni wenyewe. Kalulu wa kitabuni alifunguliwa minyororo. Kalulu wa kweli alipojaribu kushika njia yake mwenyewe alirudishwa. Alipewa jina, akapewa kitabu, akapewa na maporomoko ya mto. Neno lake mwenyewe halimo katika vitabu vile. Asemaye siku zote ni mwenziwe.

Hapo ndipo nchi hii ya Katavi inapotupa kisa cha pili cha kuweka kando ya kile cha kwanza. Huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji tangu mwaka 1879, nao wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885. Mwaka 1889 alifika hapo tabibu mwafrika, jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, hata Mapadri wakamkomboa huko Algeria. Walimpeleka kisiwani Malta akasomea utabibu, kisha wakamleta Karema awe tabibu na katekista. Akaoa huku, akazaa, akatibu watu kwa zaidi ya miaka sitini, hata alipofariki mwaka 1956.

Safari za Atiman si fupi kuliko za Kalulu wa kitabuni, wala hatari zake si chache. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: Atiman aliyaandika maisha yake mwenyewe. Maandiko yake yalichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Humo mtoto aliyeuzwa ndiye asimuliaye habari ya kuuzwa kwake. Ikiwa ni hofu, ni hofu yake. Ikiwa ni shukrani, ni shukrani yake. Hakuna aliyempimia kiasi cha kusema.

Basi shauri letu kwa vijana, na kwa wale wawachagulieo vitabu, ni hili. Msiziache hadithi za safari, maana moyo wa kijana hauwezi kukua bila kuona mbali. Lakini kila msomapo, ulizeni maswali mawili: ni nani asemaye, na ni nani asemewaye? Hadithi ya kutunga si uongo kwa sababu imetungwa. Inadhuru pale tu inapomfariji msomaji kiasi cha kumsahaulisha mtu wa kweli aliye nyuma yake.

Na kwa kijana wa Mpanda, wa Karema, wa Inyonga au wa Mpimbwe, liko neno la ziada. Misafara ile ilipita mbele ya milango ya mababu zenu, na wasafiri wakaandika walivyoona wao. Yale waliyoyaona wenye milango yamo bado katika vinywa vya wazee. Mzee akifa, hakuna jarida litakaloyachapa. Someni, kisha ulizeni, kisha mshike kalamu wenyewe.