Spika Ukutani, Bonde Chini

Mwaka 1928 uliiletea Kenya sauti mbili. Moja ni redio: matangazo yalianza Nairobi, kwa Kiingereza, yakiwalenga walowezi. Nyingine ilitoka ardhini. Usiku wa Januari 6, bonde la Subukia, kaskazini mwa Nakuru, lilitikiswa na tetemeko la karibu 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini.

Redio za enzi hizo zilikaa mezani kama fanicha. Sisi wapangaji wa leo tumepandisha muziki ukutani, maana bedsita haina nafasi: kitanda, meko, wufa, basi. Besi naipenda kama msee yeyote wa Nakuru. Lakini spika ya kilo 20 ikining'inia juu ya mto wako, jiulize: ardhi ikitikisika tena, itamwangukia nani?

Bodi za silingi hazibebi mzigo, na plasta ni ngozi tu. Bolti zishike jiwe lenyewe au mbao za paa, na uongeze mnyororo wa akiba. Landlodi akikataa utoboe ukuta, spika ikae sakafuni. Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021, lakini bado iko ndani ya Bonde la Ufa.