Mbegu Hailiwi: Bustani za Leningrad, 1942

Leo tunaweka kando mambo ya mbolea na dawa, tusimulie historia. Ni historia ya bustani za mboga katika nchi ya mbali, yenye baridi ambayo huku kwetu haipo. Lakini fuatana nami mpaka mwisho, utaona kwamba jambo lenyewe tunalijua sana: mtu ana njaa, na mbegu iko mkononi mwake. Afanye nini?

Kwanza tufahamu majira. Katika nchi za kaskazini kama Urusi, mkulima hangoji mvua, anangoja baridi iishe. Theluji hufunika ardhi miezi minne, hata mitano. Udongo huganda ukawa kama jiwe, jembe haliingii. Theluji ikiyeyuka, kwenye mwezi wa Aprili hivi, ardhi ni tope tupu. Ukiilima wakati huo inashikana mabonge. Mei ndiyo inalimika. Hata hapo, baridi ya usiku mmoja inaweza kuua miche yote. Halafu mkulima anayo miezi kama minne tu kabla baridi haijarudi. Akichelewa, amekosa mwaka, sawasawa na mwenzetu anayekutwa na mvua ya kwanza shamba lake bado pori.

Kwa hiyo mkulima wa huko hutayarisha bustani wakati theluji ingali nje. Analundika samadi, anachambua mbegu. Miche ya kabichi anaiotesha katika visanduku vya udongo dirishani. Viazi vya mbegu anavitoa gizani na kuviweka penye mwanga, vichipue macho kabla ya kupandwa. Bustani huanza na kile kilichohifadhiwa wakati wa baridi.

Sasa twende Leningrad, mji ambao siku hizi unaitwa Saint Petersburg. Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Hitler yaliukata mji huo na nchi yake upande wote wa bara. Siku hiyo hiyo maghala makubwa ya chakula yaliungua kwa mabomu. Ndani walibaki watu zaidi ya milioni mbili. Kuanzia tarehe 20 Novemba mpaka 25 Desemba, watoto, wazee na wengi wengine walipewa gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe ulitiwa vitu visivyo unga. Umeme ukakatika, mabomba ya maji yakaganda. Chakula kidogo kilichoingia kilipitishwa kwa malori juu ya barafu ya Ziwa Ladoga. Mji ulizingirwa mpaka tarehe 27 Januari 1944, na raia waliokufa hawakupungua laki sita. Wanahistoria wengi wanasema walikuwa wengi zaidi.

Basi, katikati ya mji huo, kwenye uwanja wa Mtakatifu Isaac, palikuwa na taasisi ya mimea iliyojengwa na mtaalamu Nikolai Vavilov. Huyu bwana alizunguka dunia akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika hata Ethiopia, akachukua ngano na shayiri za wakulima wa huko. Lakini mwaka 1940 serikali yake mwenyewe ilimkamata, na tarehe 26 Januari 1943 akafa gerezani Saratov, amedhoofika kwa njaa.

Wenzake walibaki na mbegu. Zilikuwa sampuli zaidi ya laki moja: mpunga, ngano, mahindi, kunde, karanga. Walizilinda na baridi, na wezi, na panya waliokuwa wakali kwa njaa kama watu. Wao wenyewe hawakuzila. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa huku amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Alexander Shchukin, mtaalamu wa karanga, alikufa vivyo hivyo. Na wengine kadha wa kadha.

Viazi vilikuwa na shida ya peke yake, maana kiazi kikiganda kimekufa. Abraham Kameraz na Olga Voskresenskaya walivichimba viazi vya mbegu huko Pavlovsk, nje ya mji, mizinga ikilia, vikaletwa mjini na kuwekwa katika chumba cha chini ya ardhi. Vadim Lekhnovich akavitunza. Kila siku alitafuta kuni za kupasha moto chumba kile, na hali kutembea tu kulikuwa taabu. Baridi ilipoisha, viazi vilikuwa hai. Mwaka 1942 vikapandwa.

Pengine ndugu msikilizaji unauliza: je, si afadhali wangewapa watu wale? Ni swali la haki. Hebu tupige hesabu. Tani moja ya mbegu ukiwagawia watu milioni mbili, kila mmoja anapata nusu gramu. Hata kijiko hakijai. Lakini mbegu ile ile ikikaa, inazaa mwaka huu na mwakani na mwaka wa tatu.

Mwishoni mwa Machi 1942 watu wa mji walitoka na masururu na makoleo, wengine hawana nguvu ya kusimama vizuri, wakavunja barafu na kuondoa uchafu wa miezi mingi, wasije wakapatwa na maradhi. Tarehe 15 Aprili tramu zikaanza tena kubeba abiria. Halafu wakaanza kulima. Bustani za maua, viwanja vya gwaride, ua wa nyumba, popote penye udongo palichimbwa matuta. Mbele ya kanisa kubwa la Mtakatifu Isaac, ambapo zamani watu walitembea kustarehe, zikaota kabichi. Zilipokuwa bado changa, watu walichuma majani ya porini yanayolika, wakapika supu.

Tuseme kweli: bustani peke yake hazikuuokoa mji. Watu wengi walihamishwa, na chakula kilipita Ladoga. Lakini baridi iliyofuata haikuwa na vifo kama ile ya kwanza, na kabichi zile zilikuwa na sehemu yake.

Ndugu mkulima, sisi hatuna theluji, lakini tunayo miezi ya ghala tupu kabla ya mvua. Ndipo mbegu zetu huishia chunguni. Basi tufanye hivi. Mbegu ya maharage au mtama itengwe siku ile ile ya kuvuna, isikae gunia moja na chakula. Ikauke vizuri, ichanganywe na majivu makavu, itiwe katika chombo kinachofungika, mbali na panya. Kabla ya mvua, weka mbegu kumi katika kitambaa chenye maji. Zikiota chini ya saba, tafuta nyingine mapema. Na watu wote wa nyumbani wajue chombo kile ni cha nini, ili siku ya njaa asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Kazi njema, na tukutane tena juma lijalo.