Noti ya milioni 5 iliyokataliwa

Ndugu wasikilizaji wa Luena, nanyi mliohama makwenu, zile zaire kuukuu katika masanduku ya wazee msizichome. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti mpya ya milioni 5. Étienne Tshisekedi alikuwa ametangaza kwamba haina thamani; wachuuzi wakaikataa, askari wakapora mji. Oktoba Mobutu akaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Ujerumani, 1923, miji ilijichapia noti zake. Kasai haikuchapa kitu: ilikataa tu, ikabaki na noti zake chakavu. Wakasai waliofukuzwa Katanga walipita hapa kwa treni; aliyefika Mwene-Ditu na zaire mpya, sokoni haikumsaidia. Franka ya Juni 1998 ndiyo iliyofuta zote mbili.